Ahmedabad kwa miguu: mwongozo kamili wa siku tatu katika mji wa kale wa Gujarat

Watu wetu wengi hufika Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat nchini India, wakiwa na bahasha ya eksirei mkononi. Anakuja mgonjwa, anafuatana na wa kumuuguza, na baina ya siku ya vipimo na siku ya majibu zinapatikana siku mbili tatu za kukaa chumbani mkitazama televisheni ya lugha msiyoielewa. Nami nilikaa hivyo na mama mdogo, mpaka jioni moja dereva wa bajaji alipopunguza mwendo kwenye kipilefti cha Lal Darwaza, akanyoosha kidole kwenye msikiti mdogo wa mawe ya manjano, akanigeukia: "Sidi. Africa." Nikamwomba asimame.

Msikiti ule ulijengwa na mtu mwenye asili ya Afrika, na dirisha lake ndilo alama ya mji mzima. Tangu jioni ile kila nafasi niliyoipata niliimalizia katika mji wa kale. Mwongozo huu nimemwandikia mwenzangu atakayefika huko kwa matibabu, masomo au biashara, akawa na siku tatu za kwake. Saa zote nilizotaja ni za Kiswahili: saa 2 asubuhi ni saa mbili baada ya jua kuchomoza. Kumbuka pia kwamba saa za India ziko mbele ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu.

Kabla hujapanda ndege

Anza na kadi ya homa ya manjano. India huidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, nazo ni pamoja na nchi zetu nyingi. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, maana asiye na kadi halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kadi ikae pamoja na pasipoti, isiingie kwenye begi la chini ya ndege. Viza iombwe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya India tu. Zipo tovuti nyingi zinazofanana nayo zinazotoza mara mbili. Anayekwenda kutibiwa achukue viza ya matibabu, na msindikizaji wake ya usindikizaji.

Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Asubuhi unahitaji sweta, mchana ni jua la kupendeza. Kuanzia Aprili joto hupita digrii 40, na Mei barabara za mji wa kale huwa tanuri. Mgonjwa usimtembeze kabisa. Mvua huanza Juni na kuendelea hadi Septemba.

Ukiweza kuchagua tarehe, lenga 14 Januari, sikukuu ya Uttarayan. Siku hiyo mji mzima hupanda juu ya mapaa kurusha tiara, na wenye nyumba za mji wa kale hukodisha mapaa yao kwa siku. Funga skafu shingoni ukitembea barabarani: uzi wa tiara hupakwa unga wa kioo na hukata nyama. Au nenda wakati wa Navratri, kati ya Septemba na Oktoba, usiku tisa wa kucheza garba kwa duara. Ngoma hiyo iliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2023. Mgeni anaruhusiwa kuingia kucheza. Jifunze mpigo wa makofi kwanza, miguu itafuata.

Kufika, kulala, kuzunguka

Kutoka kwetu njia ya kawaida ni kupitia Mumbai, au kupitia Doha au Dubai. Ukishukia Mumbai, panda treni. Zile za mwendo kasi hufika Ahmedabad kwa saa 5 hadi 6, na unaiona Gujarat dirishani. Tiketi ikatwe mapema, kwani treni za India hujaa wiki kadhaa kabla. Treni hukushusha stesheni ya Kalupur, ukingoni mwa mji wa kale.

Lala karibu na Lal Darwaza kama nia yako ni kutembea. Hoteli nyingi mpya ziko ng'ambo ya mto Sabarmati, upande wa magharibi. Ni tulivu, lakini kila asubuhi utapoteza muda wa thamani kwenye foleni ya daraja.

Bajaji ndiyo miguu yako. Mwambie dereva awashe mita, au tumia programu ya simu ili bei ijulikane kabla. Metro ni safi na rahisi, na inapita chini ya mji wa kale kwenye vituo kama Kalupur na Gheekanta. Beba noti ndogondogo. Wenyeji hulipa hata chai kwa kuskani simu, na mwenye noti ya rupia 500 humsumbua muuza chai asubuhi.

Lugha itakushangaza. Wagujarati wamevuka bahari na kufanya biashara na pwani yetu kwa karne nyingi, na maneno yamesafiri pamoja na mizigo. Utasikia gadi, paisa, dukan, bhajiya, dhobi, lakh, bas, na kila moja utalitambua bila mkalimani. Salamu ni "kem cho?", jibu ni "majama". Mwanamume muite bhai, mwanamke ben. Angalia neno moja tu: kaka kwao ni baba mdogo. Kijana wa rika lako ukimuita kaka atacheka, lakini mzee wa duka atafurahi, maana umemheshimu.

Siku ya kwanza: ndani ya ukuta

Mji huu uliasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, ukingo wa mashariki wa Sabarmati, na mwaka 2017 ukawa mji wa kwanza wa India kutangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Siku hii usiibane na kitu kingine.

Saa 1 na nusu asubuhi uwe umefika hekalu la Swaminarayan, Kalupur. Hapo ndipo huanzia matembezi ya urithi ambayo halmashauri ya jiji iliyaanzisha Novemba 1997: kundi dogo, mwongozaji mmoja, saa mbili na nusu hivi kwa miguu, kutoka hekaluni hadi Msikiti wa Ijumaa. Yathibitishe siku moja kabla. Nimezunguka peke yangu na nimezunguka na mwongozaji. Mara ya kwanza nenda na mwongozaji, kwa sababu ya zile pol.

Pol ni mtaa mdogo wenye lango lake, ambamo tangu zamani walikaa watu wa ukoo, kazi au dini moja. Usiku lango lilifungwa. Ndani kuna vichochoro vyembamba kama vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, vinavyopinda kila hatua kumi, na ukiwa peke yako utapita mbele ya vitu bila kujua umeviona. Nguzo ndefu yenye kijumba kilichochorwa juu yake ni chabutro, mahali pa kulishia ndege. Watu walipokata miti kujenga nyumba, waliwajengea ndege makazi badala yake. Kifuniko kidogo cha chuma sakafuni mwa ua kinafunika tanka, hodhi la chini ya nyumba linalohifadhi maji ya mvua ya mwaka. Na baadhi ya njia zinazoonekana kufungwa hazijafungwa: kuna mlango wa siri unaokutoa pol ya pili, uliotumika kukimbilia siku za vurugu.

Tazama juu. Nguzo, viwiko vya roshani na fremu za madirisha ni za mbao za msaji zilizochongwa maua, kasuku na tembo. Aliyekulia Unguja, Lamu au Mombasa atasimama hapo kwa muda mrefu kuliko wenzake kundini, maana nakshi za namna hii anazijua kutoka kwenye milango na roshani za nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi huko kwetu. Mbao hizi sasa zinaoza, na wengine wanaziuza vipandevipande. Usinunue kipande cha nyumba hata ukionyeshwa bei nzuri.

Matembezi yakiisha, usiondoke Msikiti wa Ijumaa. Ulikamilika mwaka 1424, na ukumbi wake una nguzo 260. Keti uani dakika kumi. Kisha ingia taratibu na utazame nguzo kwa karibu: mayungiyungi, minyororo yenye kengele, mapambo ya mafundi waliokuwa wakijenga mahekalu, wakapewa kazi ya msikiti na kuifanya kwa mkono waliouzoea. Minara yake ilianguka katika tetemeko la ardhi la mwaka 1819. Vilivyobaki mbele ni vitako tu. Kama unataka kuswali, kumbuka kwamba kibla hapa ni magharibi, si kaskazini kama tulivyozoea pwani. Asiye Mwislamu aepuke nyakati za swala, hasa adhuhuri ya Ijumaa. Mabega na magoti yafunikwe.

Toka kwa mlango wa mashariki. Mbele yako kuna kaburi la Ahmad Shah mwenyewe, Badshah no Hajiro. Wanawake hawaingii chumba cha kati. Vuka barabara uone Rani no Hajiro, makaburi ya malkia, yaliyozungukwa na wauza vitambaa, bangili na viungo. Ukitaka vitambaa vya jumla, uliza Dhalgarwad, hatua chache kutoka hapo. Bibi zetu walivaa kaniki zilizotoka pwani hii ya magharibi ya India, na kanga nyingi tunazovaa leo bado zinachapwa nchini humu, kwa hiyo mwenye duka akisikia unatoka Dar es Salaam au Mombasa anaweza kukutajia mjomba aliyewahi kufanya biashara huko. Kunywa chai yake. Usianze bei kabla ya chai.

Rudi ulale. Nasema kwa dhati: jua la mchana na kelele za honi zitakumaliza.

Saa 10 na nusu alasiri nenda Msikiti wa Sidi Saiyyed. Saa hii nimeichagua kwa sababu. Madirisha mashuhuri yako ukuta wa kibla, yaani magharibi, na alasiri jua huyapiga kutoka nje na kupenya hadi ndani. Jiwe limetobolewa kama kimia cha bibi harusi: shina moja linapanda, linagawanyika, matawi yanapishana na kujikunja hadi yanajaza nusu duara nzima, na kando yake umesimama mnazi au mtende. Ukiwa ndani unaona mti mweusi juu ya mwanga. Ukizunguka nje upande wa barabarani unaona mti wa dhahabu juu ya giza. Wanawake huombwa wasiingie sehemu ya swala, lakini kutoka uani na kutoka nje kazi yote inaonekana.

Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Masidi, yaani Waafrika waliofika Gujarat kama watumwa na askari na wengine wao kupanda hadi kuwa majemadari na matajiri. Alihudumu chini ya jemadari Bilal Jhajar Khan, Mwafrika mwenzake, katika siku za sultani wa mwisho. Msikiti una tarehe ya 1572 hadi 1573, mwaka ule ule Akbar, mfalme wa Wamughal, alipouteka mji. Upinde wa kati, pale ambapo ungetarajia dirisha kubwa kuliko yote, umezibwa kwa mawe matupu. Nilisimama mbele yake siku tatu tofauti. Chuo kikuu cha biashara cha India kilichoko mjini humo, IIM, kimeuchukua mti huo kuwa nembo yake.

Usiku, saa 3 na kuendelea, rudi Manek Chowk. Uwanja huu asubuhi huuza mboga, mchana ni soko la sonara na dhahabu, na usiku maduka yakifungwa hugeuka jiko la mji. Kula umesimama au kwenye kiti cha plastiki: sandwichi za jibini na chokoleti, dosa zilizojaa siagi, pav bhaji, kulfi. Chagua meza yenye foleni. Maji yawe ya chupa iliyofungwa mbele yako.

Kuhusu tumbo

Gujarat ni nchi ya wasiokula nyama, na dali yao ina sukari. Siku ya kwanza utalalamika, siku ya tatu utaitafuta. Asubuhi agiza fafda na jalebi, au khaman: keki ya unga wa dengu, laini, yenye haradali na kotimiri. Mchana tafuta thali, sinia la bakuli nyingi ambalo wahudumu huendelea kulijaza hadi ufunike kwa mkono na kusema "bas". Wakati wa baridi uliza undhiyu, mseto wa viazi vikuu, ndizi na biringani. Chevda na bajia huna haja ya kuelekezwa.

Mwenye kiu ya nyama aende Bhatiyar Gali, kichochoro cha wapishi Waislamu karibu na lango la Teen Darwaza: mishikaki, nihari, mikate ya moto. Pombe imepigwa marufuku jimboni. Mgeni anayeitaka lazima awe na kibali, na bila kibali ni kosa la jinai.

Siku ya pili: mto na ng'ambo yake

Saa 2 na nusu asubuhi uwe Ashramu ya Sabarmati. Gandhi aliishi hapa kuanzia 1917 hadi 1930, baada ya miaka mingi Afrika Kusini. Alipokuwa akienda huko kwa mara ya kwanza, mwaka 1893, meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Kiingilio ni bure. Nyumba yake, Hriday Kunj, ni ya vyumba vichache vyenye mkeka, meza fupi na gurudumu la kusokotea pamba. Tarehe 12 Machi 1930 alitoka hapo na wafuasi 78 kwa miguu hadi Dandi, kama kilomita 385, kwenda kuokota chumvi iliyotozwa kodi na Waingereza. Waone pia tumbiri na kasuku chini ya miti inayotazama mto. Mgonjwa aliyechoka atapata benchi na kivuli. Mama mdogo alikataa kuondoka.

Ukirudi mjini pitia hekalu la Kijaini la Hutheesing, nje ya lango la Delhi Darwaza. Ni marmari nyeupe tupu, la mwaka 1848. Mfanyabiashara Hutheesing alifariki kabla halijaisha, na mkewe, Shethani Harkunvar, akasimamia kazi hadi mwisho. Vitu vya ngozi, mkanda na pochi, viache nje, kwani Wajaini hawadhuru kiumbe chochote. Kupiga picha ndani ni mwiko.

Jumba la makumbusho ya nguo la Calico, lililoanzishwa mwaka 1949, liko eneo la Shahibag, nalo ni la kuombewa nafasi mapema sana, maana hupokea watu wachache na hufungwa Jumatano. Ukipata nafasi, badilisha ratiba yote kwa ajili yake. Ukikosa, na siku ni Jumapili, nenda Gujari, soko la mitumba na vyombo vya kale kando ya mto karibu na Daraja la Ellis. Humo nilipata mabonge ya mbao ya kuchapia vitambaa, yamechakaa pembe kwa kazi. Jioni tembea ukingo wa mto.

Siku ya tatu: kisima na ziwa la masufii

Kodi bajaji au teksi kwa siku nzima na mkubaliane bei kabla, pamoja na muda wa kusubiri. Anza na Adalaj, kilomita 18 hivi kaskazini. Ni kisima cha ngazi cha mwaka 1499, ghorofa tano kwenda chini. Ngazi tatu hukutana kwenye ukumbi wa kwanza, kisha unashuka kati ya nguzo zilizochongwa, na kila ghorofa hewa inapoa, hadi unasahau kwamba juu kuna jua. Wanawake waliokuja kuteka maji na misafara iliyopita njia hiyo walipumzika humo. Masimulizi ya wenyeji yanasema Rani Rudabai, ambaye mumewe aliuawa vitani na Mahmud Begada, alimtaka sultani huyo amalizie kisima kwanza ndipo amuoe. Kilipokamilika, akajitupa humo. Vaa viatu visivyoteleza na umshike mkono mzee.

Alasiri geukia kusini magharibi, Sarkhej Roza. Hapo amezikwa Sheikh Ahmed Khattu Ganj Baksh, sufii aliyekuwa mshauri wa Ahmad Shah. Kandokando ya ziwa la kuchimbwa kuna msikiti, kaburi la Mahmud Begada na magofu ya kasri. Watoto hucheza kriketi kwenye vidato vya ziwa likikauka, familia huja na chakula chao. Sarkhej ilikuwa maarufu kwa nili, rangi ya buluu ambayo Wadachi na Waingereza waliifuata hadi hapa katika karne ya 17.

Ukiwa na saa moja njiani kurudi, pitia Jhulta Minara karibu na stesheni ya Kalupur, minara miwili iliyobaki ya msikiti ambao jadi inamtaja Sidi Bashir, Sidi mwingine. Ukitikiswa mmoja, wa pili hujibu. Siku hizi hairuhusiwi kupanda, unatazama tu.

Ukitazamwa

Utatazamwa, utaombwa picha, na pengine utasikia neno litakalokuudhi. Mimi niliudhika mara mbili, nikakaribishwa chai mara nyingi mno. Nilichojifunza ni kusalimia kwanza. "Kem cho, ben?" ilifungua vibaraza ambavyo macho yalikuwa yamevifunga.

Ukiwa na siku ya nne

Wengi watakwambia uende Patan kuona kisima cha ngazi cha Rani ki Vav, na hekalu la jua la Modhera, kaskazini. Ni ushauri mzuri na inawezekana kwa siku moja kwa gari. Mimi ningekupeleka kusini, wilaya ya Bharuch, kijiji cha Ratanpur, kwenye ziara ya Bava Gor. Panga kulala Bharuch, ufike kijijini asubuhi ya Alhamisi, siku ambayo waumini huzuru kaburi. Wanaolihudumia ni Masidi, wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari. Wanamheshimu Bava Gor kama mtakatifu aliyetoka Afrika akaanzisha kazi ya mawe ya akiki, yale yanayotengenezwa shanga huko Khambhat. Wanazungumza Kigujarati. Toa sadaka, keti mkekani na wazee, uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Wakitoa ngoma zao na kuanza kucheza, waulize jina la mchezo huo. Watakujibu: goma.